Njia Iliyoishia Korongoni

Ukimwambia "pole" alikuuliza, "Nimefiwa na nani?" Aliuliza kwa sauti ya kawaida, akikutazama usoni na kusubiri jibu. Hapa Chamwino mtu akimwona mwenzake ana magongo au amekaa kwenye kiti cha magurudumu, neno la kwanza kumtoka ni hilo, hata kabla ya salamu. Yeye alitaka salamu kwanza. Ukimpa shikamoo akaitikia marahaba, mengine yote yalifuata, hata miguu yake mngeweza kuizungumza, kwa kuwa kwake haikuwa siri wala aibu. Polio ilimpitia angali mdogo, ikamwachia, kama alivyosema mwenyewe, miguu ya kukalia na mikono ya kutembelea.

Nilimfahamu kwa miaka mingi kwa sababu nyumba zetu za walimu zilishiriki ukuta mmoja. Mimi nilifundisha Kiswahili, yeye Baiolojia, na kwa umri alikuwa kama dada yangu mkubwa. Wanafunzi walimwita Mwalimu wa Miti. Jina hilo likatoka shuleni likaingia sokoni na kanisani, mpaka kwa waendesha bodaboda. Hakulipenda. Alisema anafundisha kila chenye uhai, hata minyoo, mbona hawamwiti Mwalimu wa Minyoo. Lakini ukweli ni kwamba minyoo aliifundisha ubaoni, mbio mbio, apate kuimaliza. Miti aliwapeleka wanafunzi wakaione.

Nje ya mji, si mbali kwa gari, kuna msitu wa hifadhi. Mtu aliyezoea misitu ya milimani akiuona anaweza kudhani amedanganywa. Ni migunga na vichaka vya miiba, vilima vya mawe makubwa yaliyopandana, na udongo mwekundu. Miezi mingi ya mwaka unaonekana kama umekufa. Mwalimu aliwaambia wanafunzi wasiuhukumu mti wa Dodoma mwezi wa tisa. Katikati ya vilima viwili, ng'ambo ya korongo, kulikuwa na bwawa dogo lililokaa juu ya mwamba, limezungukwa na mikuyu, na miaka ile maji yake hayakukauka hata kiangazi kikizidi. Huko ndiko alikowapeleka.

Alikwenda kwa magongo. Wanafunzi wote walitembea nyuma yake, hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Wale wa mara ya kwanza walinung'unika, maana vijana wa kidato cha pili wanataka kukimbia wafike, wale walichofungasha, warudi. Yeye hakuharakishwa na mtu. Alisimama kupumua, na akisimama, wote walisimama. Na kwa kusimama hivyo hivyo walimwona digidigi aliyeganda kando ya kichaka akidhani haonekani, waliona pimbi wakiota jua juu ya mawe, waliona ganda la nyoka limenasa kwenye mwiba. "Anayewahi kufika," aliwaambia, "anaona alikofika tu." Nilifuatana nao mara kadhaa kama mwalimu wa zamu. Kushuka korongo na kupanda upande wa pili kulimchukua muda mrefu, na hakukubali kubebwa. Alikaa chini, akajisogeza kwa makalio na mikono kama mtoto anayeteremka ngazi, magongo akiyarusha mbele. Akifika bwawani alivua viatu na vyuma vya kushikilia miguu, akatumbukiza miguu majini.

Wanafunzi walishangaa akisema maji ni ya baridi. Walidhani miguu ile haisikii kitu. Hapo ndipo alipofundisha somo ambalo nadhani hakuna aliyelisahau: polio haichukui hisia, inachukua nguvu. "Nasikia baridi kama wewe," alisema. "Nasikia na samaki wanaonidonoa. Kuwafukuza ndiyo siwezi."

Alikuwa na ukali wake. Hakuna jambo lililomuudhi kama mtu kumshika bila kumuuliza. Siku moja sokoni, tayari ameshahamia kwenye kiti, mwanamume mmoja mwenye moyo mwema alikuja kwa nyuma akakishika kiti na kuanza kukisukuma. Mwalimu akayabana magurudumu ghafla kwa mikono yake, na yule bwana, ambaye alikuwa anakwenda kwa nguvu zote, akapinduka juu ya fungu la nyanya. Mwalimu alimwomba radhi mwenye nyanya. Kwa yule bwana hakuomba radhi. Alimwambia tu, "Siku nyingine uliza."

Lakini ole wako umpite kwenye mchanga akihangaika usimuulize. Alikuhifadhi moyoni miaka. Kuna mwalimu mmoja wa Hisabati aliyempita siku ya mvua kwa kuogopa kumuudhi, kwa kuwa alishasikia habari za nyanya, na tangu siku hiyo hadi alipohamishwa Mwalimu alimjibu salamu kwa kichwa tu. Nilimwambia si haki. Alisema haki anaijua, na aliyempita naye anaijua.

Kanisani alikuwa na kiti chake nje, chini ya dirisha, kwa sababu mlangoni kuna ngazi. Alisikiliza mahubiri kupitia dirishani, na kwenye nyimbo sauti yake ilikuja kutoka nje ikachelewa kidogo. Mwaka mmoja alikuja mhubiri mgeni, akamwona, akatoka na watu wake kumwombea apate kutembea. Mwalimu alimwacha akaweka mikono, akasubiri hadi amen, kisha akamwambia kwa adabu kwamba miguu yake haina tatizo na mtu, tatizo liko kwenye ngazi, kama anaweza aziombee ngazi. Watu walicheka. Wazee wa kanisa nao walicheka, wakasema Mwalimu ana maneno. Ngazi ziko pale pale hadi leo.

Watu wakimkumbuka sasa wanamfanya mtakatifu, na hilo asingelipenda pia. Alipenda nyama ya kanga wa porini. Yeye aliyefundisha vizazi na vizazi kwamba ndege wa hifadhi hawaguswi, akiletewa kanga mlangoni aliyekwisha kunyonyolewa hakuuliza ametoka wapi. Nilipomtania alisema, "Huyu alikufa kabla sijamjua," akaendelea kukata vitunguu. Hakuwa na ua hata moja nyumbani, na mbuzi wa majirani aliwarushia mawe kwa shabaha iliyowashangaza wenyewe. Chama cha watu wenye ulemavu pale wilayani kilimwalika kwenye vikao akakataa kwa miaka, akidai vikao vya shule vinamtosha. Kisha alipowahitaji aliwafuata kama vile walikuwa pamoja siku zote, na wao, kwa wema wao, wakampokea hivyo hivyo.

Aliwahitaji kwa ajili ya njia.

Mikono ndiyo iliyoanza. Mtu aliyetembea kwa magongo tangu utoto amekuwa akiyafanya mabega kazi ya nyonga, na mabega hayakuumbwa kwa kazi hiyo. Usiku nilimsikia kupitia ukuta wetu akigeuka kitandani na kuguna. Daktari wa mjini alimwambia mabega yameisha, na kwamba akiendelea na magongo hata kuinua kijiko atashindwa. Akapewa kiti cha magurudumu. Kilikuwa kiti cha kuzungukia wodini, chenye magurudumu madogo mbele, na ukikitoa barazani tu, yale madogo yanazama kwenye mchanga wa Chamwino kama jembe. Alikitazama siku ya kwanza akasema, "Hiki kimetengenezewa watu wasiokwenda popote."

Mwaka huo wanafunzi walikwenda bwawani na mwalimu mwingine. Waliporudi walimjia barazani kumsimulia, wakishindana kusema. Aliwasikiliza, akawasahihisha majina ya ndege. Walipoondoka, mlenda wangu ukiwa umeshapoa mkononi, akaniambia, "Mdogo wangu, pale panahitaji njia."

Alianza na Bwana Misitu, ndivyo tulivyomwita afisa aliyesimamia ile hifadhi. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi na viatu vyenye vumbi, na kila mara alimjibu kwamba wazo ni zuri. Wazo likabaki zuri kwa misimu kadhaa. Kisha ukaja mradi, wa watu waliotaka kuufanya msitu ule uwe mahali pa wageni na wanafunzi, na Mwalimu, kwa mgongo wa kile chama, akaalikwa kwenye kikao cha kwanza. Kikao kilikuwa ghorofani. Walikuja vijana wa kumbeba kupanda ngazi, akawashukuru akakataa, akasema atasubiri chini, wakishamaliza salamu wateremke. Hawakuteremka. Walizungumza huko juu kuhusu njia ya watu wasioweza kupanda ngazi, na baada ya muda mhudumu akamletea soda pale chini, kwenye sahani, na mrija. Niliambiwa na aliyeiona. Yeye mwenyewe alinisimulia habari ya soda tu, kwamba ilikuwa ya baridi.

Kikao cha pili Bwana Misitu alikifanyia uani, kwenye maegesho ya magari, kila mtu amekaa kwenye kiti cha plastiki. Pale ndipo Mwalimu alipokutana na mhandisi, binti aliyemaliza masomo chuoni Chimwaga si muda mrefu, mtu wa maneno machache. Walipatana mara moja. Binti yule alikuja barazani kwetu na michoro yake, akamuuliza Mwalimu mteremko gani unamshinda, akichoka anahitaji nini, kiti kinageukia wapi. Siku moja aliomba akalie kile kiti mwenyewe, akakizungusha uani akijikwaa, mikono ikachubuka, akarudi akafuta mstari mmoja kwenye mchoro akauchora upya. Mwalimu alinipiga kiwiko. Sikuwahi kumwona akimpenda mtu haraka namna ile.

Wakajenga. Walisafisha miiba, wakamwaga changarawe ya moramu, wakaishindilia hadi ikawa ngumu kama sakafu, wakaweka ukingo wa mawe pande zote ili gurudumu lisiteleze, na kila baada ya mwendo kidogo pakawa na mahali palipopanuliwa, na kivuli, pa mtu kusimama na kupumua. Njia ilizunguka miti badala ya kuikata. Ilifika hadi ukingo wa korongo. Daraja la kuvukia na kipande cha mwisho hadi bwawani, tuliambiwa, ni kazi ya awamu ya pili.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na turubai, ngoma, mgeni rasmi na utepe. Mwalimu alipewa nafasi ya kusema. Wenzake wote walikuwa wamesema sana na jua limeshakuwa kali. Yeye alisema, "Nashukuru. Sasa twende." Akayageuza magurudumu yake akaingia njiani.

Sikuwahi kumwona akienda peke yake nje ya nyumba tangu apewe kile kiti. Daima kulikuwa na mtu nyuma anayekisukuma, kukiinua, kukitoa mchangani. Sasa hapakuwa na mtu. Alikwenda taratibu kwa ajili ya mabega, akasimama kwenye kila kivuli, na mgeni rasmi na msafara wake wote, na suti zao, wakalazimika kusimama nyuma yake. Aliwaonyesha mti wa mninga uliochunwa ganda na mganga. Aliwaonyesha kinyesi cha digidigi kilichorundikwa mahali pamoja na akaeleza kwa nini anarudi pale pale kila siku, na mgeni rasmi akatikisa kichwa kwa heshima. Korongoni palifungwa kamba. Wageni walipiga picha, wakageuka kurudi kwenye chakula. Yeye alibaki, nami nikabaki.

"Unasikia?" aliniuliza.

Ng'ambo, nyuma ya kona ya mwamba, hondohondo walikuwa wakipiga kelele.

"Wako majini," alisema. Alikaa akisikiliza, amefumba macho, na jasho likimtiririka shingoni. "Nimefika karibu kuliko jana."

Kuanzia hapo Jumamosi zake zilikuwa za huko. Bajaji ilimshusha langoni, akaingia mwenyewe, akaenda hadi kwenye kamba, akakaa, akarudi. Hakuwa peke yake. Alikuja bwana mmoja aliyekatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda, ambaye mke wake alisema hajatoka chumbani tangu hospitali. Walikuja wazee wa mjini wenye miguu mizito, kina mama wenye watoto mgongoni na wengine mkononi. Mwalimu hakuwapa somo wasipouliza. Aliniambia kwamba bwana yule wa mguu siku ya kwanza alikaa kivulini akalia, na yeye akampita bila kumuuliza, maana kuna wakati wa kuuliza na wakati wa kupita. Nikamkumbusha mwalimu wa Hisabati.

Awamu ya pili haikuja. Mradi ulifika mwisho wake, watu wake wakafunga ofisi. Yule mhandisi alikuja mwenyewe kumwambia, akiwa amepata kazi mkoa mwingine, na alishindwa kulianza jambo hadi Mwalimu alipomsaidia. Alimwambia, "Njia uliyojenga ni nzuri, mwanangu. Haijaharibika. Imeisha tu." Binti akaondoka analia. Mwalimu aliendelea na Jumamosi zake. Alisema nusu ya njia ni njia.

Jumamosi moja alirudi mapema, na mkononi ameshika kipande cha mkaa.

Alikikuta njiani, na vumbi jeusi, na alama za matairi ya pikipiki kwenye moramu yote hadi korongoni. Wachoma mkaa walikuwapo hifadhini tangu zamani, kila mtu alijua, lakini kuutoa mkaa ule kulikuwa kazi ngumu. Ilibidi magunia yapite kichwani au kwenye baiskeli katikati ya mchanga na miiba, na walioweza hayo walikuwa wachache. Sasa kulikuwa na njia laini, pana, isiyozama, inayofika katikati ya msitu. Bodaboda aliingia usiku, akapakia, akatoka. Njia ilijengwa isikate mti, na ndani ya kiangazi kimoja miti iliyokuwa ng'ambo, upande wa bwawa, ilianza kupungua. Mwalimu akiwa kwenye kamba aliona mbingu mahali ambapo zamani aliona matawi.

Bwana Misitu alikuja nyumbani jioni, bila kuitwa. Alikuwa na walinzi wachache na pikipiki iliyokosa mafuta mara nyingi kuliko ilivyokuwa nayo. Alikaa barazani, akapewa chai, hakuigusa. Mimi nilikuwepo nikichambua mchele, na hakuna aliyeniambia niondoke.

"Mwalimu," alisema, "nikiweka nguzo watapita katikati yake. Nikichimba mtaro mpana langoni, na mwingine pale kwenye mawe ambapo hakuna pa kukwepea, pikipiki haivuki."

"Na kiti?"

"Na kiti hakivuki."

Mwalimu alimuuliza kama haiwezekani kuwekwa ubao wa kuvukia. Bwana Misitu alijibu kwamba ubao ukiwepo watautumia wao. Alimuuliza habari ya mlinzi wa kukaa langoni usiku. Alisema hana, ameomba, hajapewa.

"Umekuja kuomba ruhusa yangu?"

"Nimekuja kukuuliza," alisema Bwana Misitu. "Mwenyewe husema watu waulize."

Giza lilikuwa linaingia na kuku wanatafuta pa kulala. Mwalimu alitazama mikono yake mapajani. Kisha akasema, "Chimba."

Watu walipomsifu kwamba amejitolea kwa ajili ya msitu hakuwakatalia. Aliwaacha waseme. Mimi aliniambia jambo jingine, siku ile ile, baada ya mgeni kuondoka na chai yake kumwagwa. Alisema, "Ningesema hapana angechimba vile vile, kwa sababu hana la kufanya. Ningebaki na hapana yangu." Sijui hadi leo lipi lilikuwa kweli. Nafikiri yote mawili.

Mitaro ikachimbwa. Kwa wiki chache mkaa ukapungua. Kisha wenye bodaboda wakatafuta sehemu moja ya mtaro, wakajaza mawe na matawi, upana wa tairi moja tu. Pikipiki ikapita. Kiti, ambacho kina magurudumu pande mbili, hakikuweza. Walinzi waliyatoa mawe, wenye bodaboda wakayarudisha, ikawa hivyo. Masika yalipokuja, maji yaliyokuwa yakitawanyika vichakani yalifuata mitaro, yakageukia njiani, yakachimba moramu katikati hadi mawe ya ukingo yakaanguka ndani. Nilikwenda kutazama kwa niaba yake, nikarudi, akanitazama usoni, hakuuliza. Bwana Misitu alihamishwa. Aliyekuja baada yake alikuwa mtu mwema pia, naye alisema wazo lilikuwa zuri.

Yule bwana wa mguu alirudi chumbani kwake. Nilikutana na mke wake mnadani, akaniambia hivyo hivyo tu, kama mtu anayesema mvua imekatika.

Mwalimu alifundisha hadi siku yake ya kustaafu, na hakuchelewa kipindi. Ila aliacha kusema mambo ya hifadhi. Mwanafunzi akiuliza alimpa kitabu. Jumamosi alikaa barazani akichambua mboga ambazo zingeweza kusubiri Jumapili. Alipostaafu hakuwa na mtu wa kumsaidia pale, na mabega yalishafika mahali ambapo hata kujihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti alihitaji mtu. Mdogo wake anayelima Kibakwe akaja kumchukua. Tulimfungia vitu, tukaimba, gari likaondoka. Nyumba yake ilipewa mwalimu mpya, kijana, ambaye usiku anasikiliza mpira, na ukuta ule sasa una kelele.

Likizo iliyopita nilikwenda kumwona.

Kibakwe ni vilima. Wenyewe wanapasifia, na ni kweli pana kijani, maharage na mahindi yamepanda hadi juu, na hewa ni nyepesi. Gari hukuacha barabarani. Nyumba ya mdogo wake iko juu ya mteremko, na kuifikia unapanda kwa kijia kinachopita kati ya mashamba, mahali pengine unashika majani ili usirudi nyuma. Nilipofika nilikuwa nahema. Nikajua kabla sijaambiwa chochote.

Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, khanga miguuni, nywele zote nyeupe. Nilimpa shikamoo. Alifurahi, na furaha ile ilionyesha jinsi alivyokonda. Mdogo wake alileta ugali wa uwele na mboga, akatuacha. Nilikitafuta kwa macho kile kiti, nikakiona ndani kupitia mlango, kimeegemezwa ukutani nyuma ya magunia ya maharage. Uwanja ule hauna mahali palipo sawa. Asubuhi mdogo wake na mume wake humnyanyua kutoka kitandani hadi barazani, na jioni humrudisha. Siku aliyofika alibebwa na wanaume kutoka barabarani hadi pale, na tangu siku hiyo, aliniambia mdogo wake nilipokwenda kunawa, hajashuka. Kanisa liko chini. Zahanati iko chini.

Tulizungumza mchana kutwa. Aliuliza nani mkuu wa shule sasa, nani ameolewa, nani amekufa. Alisema maharage ya mwaka huu yameshambuliwa na vidukari, na kwamba mdogo wake anapiga dawa vibaya. Alinisimulia tamthilia ya kwenye redio mwanzo hadi mwisho. Nilingoja aulize habari za kule. Nilikuwa nimekwenda na wanafunzi miezi michache kabla, tukavuka korongo, na nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga safarini, ya namna ya kumwambia kwamba mchanga ulioteremka kutoka vilima vilivyo wazi umelijaza bwawa, na kwamba ng'ombe hupita katikati yake.

Hakuuliza. Jua likaanza kushuka na mimi gari langu halisubiri. Nikasema, "Mwalimu, miezi michache iliyopita tulikwenda hifadhini."

"Usiniambie."

Nilidhani ameshasikia, au hataki kuumia. Alivuta khanga akajifunika magoti vizuri.

"Maisha yangu yote watu wananisimulia mahali," alisema. "Wanakwenda, wanarudi, wananieleza. Wewe pia umenieleza mengi, na vizuri. Lakini mimi sikutaka kuambiwa, mdogo wangu. Nilitaka kwenda."

Aliniuliza kama nitapita njia ya mkato kwenye maharage. Nilisema ndiyo. Akasema pana jiwe linalocheza karibu na chini, ndivyo anavyosikia watu wakisema, niangalie mguu. Nikamuaga, nikashuka.

Jiwe nililiona, nikalikwepa. Nilipofika barabarani niligeuka nimpungie mkono. Kutoka pale chini baraza haionekani. Kinaonekana kipande cha bati na moshi wa jikoni, kisha shamba, kisha mlima. Watu walikuwa wakipita kutoka mnadani, wanawake na ndoo, wanaume na baiskeli, wakicheka, na wawili watatu wakanisalimu. Nilisimama nao nikisubiri gari, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua macho kutazama kule juu.